Kimya Baada ya Jina

Kwa heshima na taadhima, ifahamike tangu mwanzo kwamba Paskali Mihayo wa Kidato cha Tatu B hakukusudia kumzika mtu. Alikusudia kuwachekesha wanafunzi mia nne na kitu walioshiba maharage, jioni ya Jumamosi, katika bwalo la shule ya bweni iliyo mlimani juu ya mji wa Lushoto. Kwa kipimo hicho alifaulu kuliko alivyowahi kufaulu somo lolote.

Wazo lilimjia mwezi wa tano, alipofariki mzee mmoja mstaafu wa serikali na taifa likatangaziwa siku saba za maombolezo. Bendera ya shule ilishuka nusu mlingoti. Redio ya jikoni, ambayo siku zote ilipiga bongofleva wakati wa uji, ilianza kupiga kinanda. Wapishi walimenya viazi kwa kinanda, wakakaanga kabichi kwa kinanda. Mchekeshaji maarufu kwa kutumbukia kwenye ndoo alihojiwa akaongea kama mtu mwenye leso mdomoni. Hadi siku ya tatu wasanii wanane walikuwa wameshatoa nyimbo za msiba, na Paskali, aliyezisikiliza zote kwa umakini wa mtu anayejiandaa na mtihani, aligundua kwamba ulikuwa wimbo mmoja.

Kwanza kinanda. Kisha sauti ya mvua. Kisha neno "pigo", neno "pengo" na neno "simanzi", bila kuruka hata moja. Ubeti wa pili msanii anazidiwa, sauti inamkatika, halafu inarudi ikiwa na nguvu zaidi. Mwishoni yanasomwa majina.

"Hawa wanazo tayari stoo," alimwambia rafiki yake Brian Mhina, aliyelala kitanda cha juu yake. "Kama majeneza. Msiba ukitokea wanaandika jina tu."

"Acha dhambi, wewe."

"Natunga wa kwangu. Wimbo wa Msiba Wowote. Siku likitokea la kutokea, taifa lisihangaike."

Brian alicheka hadi kitanda kikalia.

Ilipofika Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, Paskali alipanda jukwaani akiwa amevaa joho la kwaya lililomfika kwenye vidole vya miguu. Mikaeli, mpiga kinanda wa kanisani, alimpigia taratibu. Paskali aliimba kwamba pigo limeingia bila hodi, pengo limeketi mezani na kuomba chai, simanzi imepanda mlima kutoka Mombo kwa miguu. Ubeti wa pili sauti ilimkatika, akaitafuta chini ya kinanda, akaipata. Watu walikuwa wameshaanza kushika mbavu. Ndipo alipotoa ndani ya joho daftari la mahudhurio la Kidato cha Tatu B na kuanza kusoma majina ya marehemu.

Kila aliyetajwa alilaza kichwa begani kwa jirani yake, amekufa. Baada ya kila jina Paskali alifumba macho na kunyamaza, ili wafiwa wapate nafasi. Alipofika kwa Husna Shekwavi, msichana wa Mlola aliyekaa benchi la tatu, Husna hakuweza kufa. Kicheko chake kilikuwa kinajulikana shule nzima: kilianza kama kwikwi, kikapanda, halafu kikatoa mluzi mwembamba kama birika linalochemka. Kilimshika hivyo, kikawashika wengine, na bwalo zima likasubiri birika la Husna lipoe ndipo maiti wengine waendelee. Mwalimu Nathanaeli, mwalimu wa nidhamu, alivua miwani akajifuta machozi. Naye Brian alirekodi yote kwa simu aliyoificha ndani ya mkate, kwa sababu simu shuleni zilikuwa marufuku na mkate haukuwa marufuku.

Mwezi wa kumi na mbili shule ilifungwa. Paskali alirudi Kwamkoro, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, ambako baba yake alikuwa mpima majani. Hapo ndipo kivuko kilipozama.

Kilizama mbali sana, ziwani, upande wa pili wa nchi, asubuhi yenye jua. Watu zaidi ya mia moja na sitini. Redio ilinyamazisha muziki katikati ya wimbo, na baada ya dakika moja kikaanza kinanda. Paskali alikuwa amekaa kizingitini akimenya mihogo na baba yake.

"Sasa hivi atasema pigo," alisema Paskali.

Mtangazaji akasema pigo.

"Sasa pengo. Pengo lisilozibika."

Mtangazaji akasema hivyo hivyo. Baba yake aliweka kisu chini. "Unacheka nini, Paskali?"

"Sicheki, baba. Nahesabu."

"Watu wamekufa, wewe unahesabu maneno?"

Simu ya baba iliita. Alikuwa Brian, kutoka kwao Mombo. Paskali alisikia malori ya barabara kuu yakipita nyuma yake.

"Husna alikuwemo," Brian alisema. "Alikuwa anakwenda kwa dada yake, yule muuguzi wa kisiwani. Hawajampata."

Hawakumpata hata baadaye, au kama walimpata hawakumtambua. Waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa pamoja kando ya ziwa, kwa sala za dini zote, na picha ya mahali hapo ikaoneshwa kwenye televisheni kwa muda mfupi kuliko tangazo la sabuni.

Alichokifanya Brian baada ya hapo alikifanya akilia. Alichukua ile rekodi, akabakiza mwanzo, ubeti wa pili na jina moja tu. Akaongeza sauti ya mvua. Vicheko hakujua kuvikata ili wimbo uungane, alijua kuvinyamazisha tu, kwa hiyo akavinyamazisha. Aliutuma kwenye kundi la darasa. "Nilitaka tu tuwe na kitu," alimwambia Paskali baadaye. Kitu hicho walikuwa nacho sasa, na nchi nzima ilikuwa nacho.

Siku ya pili ya maombolezo wimbo ulipigwa redioni. Nyimbo za wasanii wakubwa zilizungumza kuhusu taifa, na huu ulimtaja msichana mmoja kwa jina lake na la baba yake, kwa sauti ya mtoto wa shule, katika mwangwi wa bwalo tupu. Akina mama sokoni waliusikiliza wakiwa wamesimama. Mwandishi mmoja wa habari aliitafuta namba ya baba yake Paskali, akaipata.

"Paskali, pole sana. Wimbo huu uliutunga lini?"

Kwa mara ya kwanza maishani Paskali aliamua kusema ukweli kwa mtu mzima bila kulazimishwa. "Mwezi wa tisa, dada."

"Yaani kabla?"

"Kabla."

"Na ulimtaja Husna?"

"Nilimtaja."

Hakuulizwa zaidi. Kesho yake ilishaenea kwamba kuna kijana wa milimani Usambara aliyeota ajali ya kivuko miezi mitatu kabla, akaimba, wasimwelewe. Mchungaji mmoja alimhubiri. Mama mmoja wa Kwamkoro alimletea nguo ya mtoto mgonjwa aishike. Paskali aliishika, kwa sababu hakujua namna ya kukataa, na mtoto akapona, jambo lililoharibu kila kitu zaidi.

Siku ya nne maombolezo yaliisha. Bendera ilipopanda juu, muziki wa kucheza ulirudi saa ile ile, kama maji yaliyozuiwa na mguu. Kabla ya mwaka mpya mtu mmoja mjini alikuwa ameuchukua wimbo wa Husna na kuuwekea midundo ya singeli. Mwezi wa kwanza, akiwa njiani kurudi shule, Paskali alisimama stendi ya Mombo na andazi mkononi, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika tatu zisizokwenda pamoja. "Husna! Husna! Husna Shekwavi!" Makondakta walikuwa wamebuni mtindo: wakifika kwenye jina wanazama hadi magotini, mikono juu. Palipokuwa na kimya mchanganya muziki aliweka honi ya lori. Mama mmoja dirishani mwa basi alijifuta machozi, akanunua vitunguu, akacheza kidogo mabega.

Paskali alilitupa andazi. Wengine walisikia honi. Yeye, pale pale, kwa muda ule ule, alisikia kwikwi, kisha kupanda, kisha mluzi.

Shuleni hali haikuwa nafuu. Daftari la mahudhurio la mwaka mpya lilikuwa halijafika, wakatumia lile lile. Kiranja alisoma Brian, Elinuru, Faraji, akafika mahali akanyamaza, akaruka kwenda kwa Latifa. Kila aliyeitwa aliitika haraka na kwa nguvu, kama anayekanusha. Siku ya tatu Elinuru, msichana mpole ambaye hakuwahi kumsemesha Paskali isipokuwa kumwomba aache, alimfuata nyuma ya maktaba.

"Nitoe kwenye wimbo wako."

"Wimbo uliisha, Elinuru. Ilikuwa mchezo."

"Najua. Nitoe tu."

"Nikutoeje?"

"Andika."

Aliandika kwenye karatasi: Elinuru Mbwambo ameondolewa. Akaweka tarehe na sahihi, kwa umakini aliozoea kuuigiza na ambao sasa haukuwa wa kuigiza. Elinuru aliikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia. Kabla ya wiki kuisha Paskali alikuwa ameandika karatasi kumi na nne.

Ndipo Mwalimu Nathanaeli alipomwita ofisini.

"Mama yake Husna ameleta ujumbe," alisema. "Jumamosi ni arobaini. Anaomba ukamwimbie."

"Mwalimu, mimi siwezi."

"Utaweza. Mkuu wa shule ameshakubali, na mbunge ametoa mchele." Mwalimu alipanga kalamu zake tatu kwa urefu. "Sikiliza, Mihayo. Yule mama hana kaburi. Hana hata kiatu. Ana wimbo wako, basi. Akikuuliza chochote, sema ulizidiwa na uchungu. Umeelewa?"

"Lakini ile Jumamosi watu wote walicheka. Hata..."

"Ile Jumamosi," Mwalimu Nathanaeli alisema polepole, "hakuna aliyecheka."

Paskali alitoka ofisini akijaribu, kwa dhati, kukumbuka bwalo lenye watu mia nne wasiocheka. Alifanikiwa kwa sekunde chache, na ilikuwa picha ya kutisha kuliko nyingine zote: nyuso zote zimemtazama, kimya, naye amevaa joho anasoma majina.

Usiku ule Brian alimpa simu yake bila kuulizwa. "Ile yenyewe imo," alisema. "Nzima. Sijaifuta. Nikitaka kuifuta mkono unakataa."

"Nikaifanyie nini?"

"Sijui. Mimi siwezi kulala nayo."

Jumamosi walikwenda Mlola kwa gari la shule, Mwalimu mbele, Paskali nyuma na magunia ya mchele, simu ya Brian ndani ya soksi ya kushoto. Ukungu ulikuwa umekaa mabondeni kwenye mashamba ya kabichi. Njia nzima Paskali alijitetea mbele ya mahakama aliyoitunga kichwani. Utetezi wake mkubwa ulikuwa utani. Yeye ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa kuchuma chai, na katika milima hii Mnyamwezi na Msambaa ni watani. Baba yake mwenyewe aliwahi kuingia kwenye kaburi la nyapara mmoja wa Kisambaa, akalala humo chali akilalamika kwamba ni jembamba, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Wafiwa walicheka huku wanalia. Hakuna aliyekasirika. Mahakama ya kichwani ilimwachia huru mara tatu kabla hawajafika.

Uani kwa akina Husna palikuwa na turubai, mikeka, na wanaume wamekaa wakisoma Kurani. Masufuria yalikuwa yanatokota nyuma ya nyumba. Watu waligeuka kumtazama, wakainamisha vichwa kidogo kama kwa mtu mkubwa. Bibi mmoja alimsalimia kwa Kisambaa, "Onga mshi, mwanangu," akamshika mkono kwa mikono miwili na kuupaka usoni kwake.

Bi Rukia, mama yake Husna, alimpokea ndani. Alikuwa mwanamke mwembamba, khanga imefungwa vizuri, ameketi kwenye mkeka pamoja na kaka yake, Mzee Saidi, na mdogo wake Husna wa miaka tisa aliyeitwa Salma. Simu yenye kioo kilichopasuka ilikuwa mbele yake juu ya kitambaa safi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Paskali. Kaa hapa karibu." Alimtazama muda mrefu. "Mdogo hivi. Nilidhani una ndevu."

"Bado, mama."

"Kabla hujawaimbia watu, nina swali moja. Masheikh sikuwauliza, maana si lao." Aligusa simu kwa kidole. "Pale unapomtaja mwanangu, unanyamaza. Nimepima. Ni kama kumeza mate mara nne. Nyimbo nyingine hazina. Kila siku nikifika pale naweka simu sikioni, na nasikia kama kuna mtu anataka kuitika, halafu kinanda kinamkatiza. Paskali, pale ulikuwa unasikia nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nilizidiwa na uchungu, mama. Lakini alipolifungulia mdomo aliona linatoka wapi: ubeti wa pili, msanii anazidiwa, sauti inakatika. Alikuwa amelitunga mwenyewe mwezi wa tisa, akiwa amejilaza kitandani na miguu ukutani. Salma alimsogelea kidogo ili asikie vizuri. Alikuwa na macho ya dada yake.

"Alikuwa anacheka," Paskali alisema.

"Nani?"

"Husna, mama. Pale kwenye kimya. Alikuwa anacheka. Sauti ilizimwa."

Akawaeleza. Alieleza joho, kinanda, daftari, vichwa vilivyolazwa mabegani. Alieleza vibaya, akirudi nyuma mara kwa mara, na hakuna sentensi hata moja iliyomchekesha mtu. Alipomaliza, Mzee Saidi alikuwa amesimama.

"Uliwasoma watoto wazima kama maiti?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa mchezo?"

"Ndiyo. Mimi... mimi ni Mnyamwezi, mzee. Ni mtani wenu."

Alilisikia neno likitoka dogo, limekauka. Mzee Saidi hakupandisha sauti.

"Watani nawajua. Alipozikwa babu yangu, Mnyamwezi mmoja alinyang'anya majembe akasema hachimbi mtu mpaka tumpe kuku. Tukampa, tukacheka, tukazika. Lakini yule alikuja baada ya kusikia kilio. Wewe ulitangulia. Ulikuja kumtania maiti, maiti hayupo, ukaondoka. Sasa kilio kimefika, kaburi hatuna, na wewe ndiyo kwanza unarudi na kuomba utani?"

Paskali alitazama mkeka. Mahakama ya kichwani ilikuwa imefungwa na hakimu hakuonekana.

"Kaka, ngoja," Bi Rukia alisema. Hakuwa amemtazama Paskali tangu alipoanza kueleza. "Hicho kicheko kipo?"

Paskali aliinama akatoa simu kwenye soksi. Hata Mzee Saidi alisahau hasira kwa sekunde moja akatazama soksi. Akaitafuta sehemu, akapita, akarudi. Kinanda. Sauti yake, nzito ya kujifanya, ikasema: Husna Shekwavi.

Kwikwi. Kikapanda. Mluzi wa birika ukatoka, mwembamba, ukajaa chumba, nyuma yake bwalo zima likaangua kicheko. Mtu mmoja akasikika akisema, "Husna, kufa basi, wenzio wanangoja!" na Husna, akihema, akajibu, "Siwezi, jamani, siwezi!"

Salma alicheka. Kilimtoka kabla hajajua, na kilikuwa kicheko kile kile, cha umri mdogo zaidi, bila mluzi. Aliziba mdomo kwa mikono miwili akamtazama mama yake kwa hofu.

"Tena," Bi Rukia alisema.

Akarudisha. Akarudisha mara ya tatu. Mara ya nne Bi Rukia aliinua mkono.

"Kumbe alisikia," alisema. "Aliombolezwa, akasikia mwenyewe." Kisha uso wake ukabadilika, taratibu. "Mimi nimelala na wimbo wako zaidi ya mwezi mzima. Nikijisemea, yupo mtoto wa watu huko Lushoto aliyemlilia mwanangu hata kabla yangu. Nilikuwa nakuombea dua kwa jina. Kumbe hakuna aliyelia."

Paskali alitaka kusema kwamba alilia baadaye. Lakini hakuwa amelia. Alikuwa amehesabu maneno, akaandika karatasi kumi na nne, akashika nguo ya mtoto mgonjwa.

"Nipe hiyo," Bi Rukia alisema. "Iweke kwangu."

Salma ndiye aliyejua simu. Aliziweka mbili bega kwa bega, akabonyeza, akasubiri, akakunja uso. "Inakataa, mama. Imejaa. Lazima ufute kitu."

"Kuna nini?"

"Picha za harusi ya dada. Kaswida. Na wimbo."

Nje msomaji alikuwa amefika mwisho na watu wakaitikia amina, sauti nzito zikapita ukutani. Bi Rukia aliichukua simu, akaitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kwake muda mrefu bila kusema anatoka wapi.

"Futa wimbo."

"Wa Husna?"

"Wa redio."

Salma alibonyeza. Walikaa wanne wakitazama mstari mwembamba ukijaa kutoka kushoto kwenda kulia, hadi ulipofika mwisho.

Mwalimu Nathanaeli alichungulia mlangoni, suti imenyooka. "Paskali, dua imekwisha. Watu wanasubiri."

"Mwalimu," Bi Rukia alisema, "siku ile ulikuwepo?"

Mwalimu alimtazama Paskali, akaiona soksi iliyoshuka, akaziona simu mbili. Alivua miwani. "Nilikuwepo, mama."

"Ulicheka?"

Paskali hakuwahi kumwona mwalimu wa nidhamu akitafuta pa kuweka mikono.

"Nilicheka," alisema. "Nilicheka sana, mama. Nisamehe."

"Leo hakuna wimbo. Waambie kijana hana sauti. Mpeleke akale, halafu mwondoke."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshageuka, ameshika simu kwa mikono miwili.

Paskali aliwekwa kwenye mkeka wa pembeni, karibu na ukuta wa nyumba, mbele ya sinia la pilau pamoja na mzee mmoja wa mbali aliyevaa koti la mvua na kofia ya kufuma, wote wawili wasijuane hata kwa jina. Watu walinong'ona kwamba kijana amezidiwa na uchungu. Alichota wali akauweka mdomoni na hakujua la kuufanya.

Ndani, Bi Rukia aliiwasha rekodi. Aliongeza sauti hadi mwisho na hakuizima pale walipoizima mwanzo. Kicheko cha Husna kilipita, kikapoa, na ile sauti nzito ya kujifanya ikaendelea na kazi yake: Latifa Hoza. Bwalo likaangua. Kupitia ukuta wa udongo, kwa spika ndogo ya simu iliyopasuka, vicheko vya watu mia nne havikutofautiana hata kidogo na kilio.

Mzee aliacha kutafuna. Alivua kofia.

"Mungu amrehemu," alisema kwa sauti ndogo.

Mbaraka Kupaza. Kilio kikapanda, kikashuka. "Mungu amrehemu."

Mikaeli Chambo. "Huyo Mkristo. Naye Mungu amrehemu."

Paskali alijua daftari lile lilivyopangwa. Alijua nani anafuata, na kwamba alikuwa amejisoma na yeye mwenyewe ili asionekane mbaguzi, na kwamba hapo ndipo watu walipocheka kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Alitaka kusimama. Mdomo ulikuwa umejaa wali.

Paskali Mihayo, ilisema sauti ya ndani, na umati wote ule ukapiga ukelele.

"Mungu amrehemu," alisema mzee. Alitikisa kichwa, akachagua kipande cha nyama kilichonona, akakisogeza upande wa Paskali. "Kula, mwanangu. Walikuwa wengi."